Sikio la kushoto la S: uchambuzi wa kisa cha kiwambo kilichopasuka kwenye mita 7

Maelezo kidogo kabla

Jina nimeliacha herufi moja, na hiyo herufi yenyewe sio yake. Kituo, boti, kijiji na tarehe vyote nimevitoa. S mwenyewe karuhusu kisa kiandikwe ili wanafunzi wengine wa skuba (kuzamia na mtungi wa hewa) wajifunze. Mimi siku ile sikuwepo kwenye boti, nimekutana na S baadae alipoletwa kwangu kurudishwa majini. Yaliyotokea nimeyapata kwake, kwa daivimasta (kiongozi wa wazamiaji) aliyekuwa anaongoza, kwa kapteni, na kwenye kompyuta ya mkononi aliyokuwa kavaa S (ile inayorekodi kina na muda), maana ile haisahau wala haioni aibu.

S ni nani

Kijana wa miaka ishirini na kitu, kaskazini Unguja, mtoto wa pwani hasa. Tangu mdogo anapiga mbizi kwa pumzi yake na maski ya kuazima, anatafuta pweza na makome, mita tatu mita tano anashuka kichwa chini anapanda, kazi imeisha. Baadae akaanza kutembeza wageni wa snoklingi kisiwa cha Mnemba, kituo kikamuona anajua maji kikamsomesha open water (kozi ya kwanza, ile inayokuruhusu mpaka mita 18), halafu advansi ya mita 30, na kisa kinatokea yuko katikati ya mafunzo ya udaivimasta.

Shika mambo mawili kuhusu S, maana ndo yanabeba kisa chote. La kwanza ni malipo: siku unayoingia majini unapata, siku unayobaki ufukweni kuosha vifaa hupati au unapata kidogo. La pili ni namna alivyojifunza kuzibua masikio (kupeleka hewa ndani ya sikio ili presha ya maji isilibane). Hakufundishwa na mtu, alijifunza kwenye pweza, na kwenye pweza kinachotakiwa ni kubana pua, kupuliza kwa nguvu zote mara moja, kushuka haraka kabla pumzi haijaisha. Kwa mita nne inatosha, na kwa sababu ilimtosha miaka yote hiyo alijiona kwenye mambo ya masikio hana shida. Hata kwenye kozi alipofika kipengele cha masikio mwalimu aliona mtoto wa bahari huyu, akapita haraka.

Wiki yenyewe

Ni kaskazi, msimu umechanganya, boti zinatoka zimejaa kila siku. S kashikwa na mafua, sio makali ya kulala kitandani, yale ya pua kuziba upande mmoja usiku na asubuhi kamasi nzito. Akaenda duka la dawa akapewa spray ya pua. Ikamfungua vizuri, akaendelea na kazi. Siku ya kisa ilikuwa ya nne anaitumia.

Asubuhi ile wakati anapiga mswaki akajaribu masikio. La kulia likafunguka mara moja. La kushoto, kwa maneno yake, "likalia kwii halafu likafunguka nusu." Akapiga spray tena, akapanda gari.

Kwenye maelezo kabla ya kuingia majini daivimasta akauliza watu wote kwa pamoja, "Kila mtu yuko freshi? Masikio, pua?" wakajibu kwa pamoja freshi, na S akajibu nao. Kwenye hilo swali hakuna mtu duniani atakayenyanyua mkono mbele ya wageni sita aseme mie nina kamasi, sana sana kama yeye ndo msaidizi wa safari.

Daivu ya kwanza

Ilikuwa sehemu tulivu, mchanga unaoteremka taratibu, wageni wawili wapya kwa hiyo kila kitu kilienda polepole. Kushoto kulikuwa kugumu lakini kwa kuwa watu wenyewe walikuwa wanashuka kwa kusitasita, S akapata muda wa kupuliza, kusubiri, kupuliza tena. Wakafika mita 14, dakika arobaini na kitu, wakapanda.

Alipotoa maski juu kulikuwa na kamasi yenye nyuzi za damu ndani yake. Akaisuuza maski haraka kabla hajapanda ngazi. Nilipomuuliza kwa nini, akacheka akasema, "Kaka, damu ya puani kila mtu anaipata." Kweli wengi wanaipata, na kweli mara nyingi ni kitu kidogo tu, lakini ile damu ilikuwa inasema tayari ngozi laini ya ndani imebanwa na kuvimba kwenye daivu ya kwanza, kwa hiyo ya pili njia itakuwa nyembamba zaidi kuliko ya asubuhi. Saa moja ya kupumzika juu ya boti na kipande cha nanasi haiwezi kuondoa uvimbe.

Daivu ya pili

Hapa mambo yakabadilika. Sehemu ya pili ilikuwa ukingo wa mwamba na mkondo ulikuwa unavuta. Kapteni akashauri watu waingie na kushuka moja kwa moja bila kuelea juu kusubiriana, la sivyo watapitishwa sehemu yenyewe. Ushauri wa kawaida, na wa haki. Daivimasta mbele, wageni wanne wazoefu katikati, S nyuma kama mfungaji.

Kompyuta inaonyesha S kaenda kutoka juu mpaka mita 7 chini ya nusu dakika. Yeye anasema kwenye mita 2 alipuliza, kulia kukafunguka, kushoto kimya. Mita 4 maumivu, akasimama kidogo, akapuliza kwa nguvu, kimya. Wenzake wako chini yake na mkondo unawachukua. Daivimasta akageuka, akamuuliza kwa mkono, OK? S akajibu OK. Akashuka tena. Mita 6 sikio linauma kama linachomwa, daivimasta kageuka tena, OK? OK. Akapuliza kwa nguvu zake zote, anasema mpaka akaona vimulimuli, haikufunguka. Akaachia pua, akapiga mafini mawili matatu kuwafikia wenzake, na hapo ndo likalia. Paa, kidogo tu, kama kidole kinavunjwa ndani ya kichwa. Maumivu yakaisha pale pale. Halafu baridi ikaingia ndani ya sikio, na dunia ikaanza kuzunguka.

Alifanya kitu kimoja kizuri sana, sijui kama ni akili au ni mwili wenyewe: akashika jiwe. Akafumba macho, akang'ang'ania jiwe na kuuma regyuleta (ile ya kupumulia mdomoni) kwa meno. Mgeni mmoja aligeuka akamuona, akagonga mtungi wake, daivimasta akarudi.

Maamuzi ya daivimasta chini ya maji

Alikuwa na njia tatu. Amwambie S apande peke yake, kwani ni mita 7 tu na boti iko karibu. Awaache wageni wanne wazoefu waendelee na yeye ampandishe S. Au afunge daivu ya watu wote. Akachagua ya tatu. Akamshika S kwenye jaketi, akasubiri kizunguzungu kipungue (anasema kama dakika moja hivi), akarusha boya, wote sita wakapanda taratibu kwenye kamba ile.

Aliniambia sababu yake kwa sentensi moja: mtu mwenye kizunguzungu hajui juu ni wapi, na wageni wanne kwenye mkondo bila kiongozi ni ajali nyingine inayosubiri. Wageni wawili walinuna na kituo kikalazimika kuwapa daivu nyingine bure. Kwangu mimi huo ndo uamuzi bora wa siku nzima, na niseme wazi, wapo viongozi wengi wangemsukuma S juu peke yake wakaendelea.

Juu ya boti

S akatapika. Wenzake wakasema mawimbi hayo, mpeni tangawizi. Aliyeona ni kapteni, mzee wa siku nyingi, akamgeuza kichwa kwa kidevu, "Hebu nione mwanangu," akaona uzi mwembamba wa damu na maji unatoka sikioni.

Daivimasta akafanya kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote na ambacho kila mtu wa boti anatakiwa akijue. Akamwambia: fumba mdomo, guna mmmm, sauti unaisikia zaidi upande gani? S akasema kushoto, upande mbovu. Hiyo ni habari nzuri kidogo. Tatizo likiwa kwenye kiwambo (ile ngozi nyembamba ndani ya sikio) au sikio la kati (chumba cha hewa nyuma yake), mguno unasikika zaidi upande wenye tatizo, kwa sababu sauti inapita kwenye mifupa na kelele za nje hazifiki kuifunika. Likiwa limeguswa sikio la ndani (sehemu ya usikivu na mizani ya mwili), mguno unakimbilia upande mzima. Sio kipimo cha kumaliza ubishi lakini kinakwambia uharakishe kiasi gani. Akauliza pia: kizunguzungu bado kipo? Hapana. Kuna mlio unaopiga bila kukata? Kidogo, unapungua. Akaandika majibu na saa nyuma ya karatasi ya mitungi, na baadae karatasi ile ndo iliyomsaidia daktari kuliko maelezo yote.

Kuna aliyeuliza kama apelekwe kwenye chemba ya mgandamizo (chumba cha kumpandishia mzamiaji presha). Hapana. Chemba ni kwa ajili ya mapovu ya naitrojeni yanayotokea mwilini wakati wa kupanda, na kwa dalili zilizoanza kwenye kushuka, mita 7, zikaisha ndani ya dakika, hakuna sababu ya kufikiria mapovu. Halafu ndani ya chemba nako presha inapanda, masikio yanatakiwa kuzibuliwa vile vile, kwa hiyo unampeleka mgonjwa wa sikio kwenye kitu kile kile kilichomuumiza. Ingekuwa kizunguzungu kimemuanza wakati wa kupanda au baada ya kutoka kwenye daivu ndefu ya kina, hapo hesabu ingekuwa nyingine kabisa na unapiga simu kwa daktari wa wazamiaji kwanza.

Maagizo aliyopewa: usipenge kamasi kwa nguvu, usizibue masikio, usiingize chochote sikioni, kesho nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nyumbani usiku

Kesho yake hakwenda. Sikio lilikuwa haliumi, limeziba tu, na hospitali ni mjini, nauli na siku nzima. Usiku bibi yake akaona kijana anashika shika sikio, akafanya ambacho bibi yeyote wa pwani angefanya: mafuta ya nazi kwenye kijiko, kitunguu saumu kimepondwa, moto kidogo, matone matatu ndani ya sikio. S anasema yale mafuta aliyasikia yanafika kooni.

Hapo pa kufika kooni pana maana yake. Kiwambo kikiwa kizima, mafuta yanaishia kwenye tundu la nje. Kikiwa na tundu, yanaingia sikio la kati na kushuka na mrija mpaka nyuma ya koo, na yanabeba kila kijidudu cha njiani. Siku ya tano sikio likaanza kutoa usaha wenye harufu, na homa juu. Ndo akaenda.

Matokeo

Daktari alikuta tundu dogo kwenye kiwambo cha kushoto, sehemu ya chini kwa mbele, na uambukizo. Akasafisha, akampa dawa, akampa na onyo ambalo nalirudia hapa kwa wote: sio kila dawa ya matone ya duka inafaa kwenye sikio lenye tundu, zipo zenye antibayotiki zinazoweza kuharibu usikivu zikifika ndani, kwa hiyo usinunue matone mpaka mtu kaangalia kiwambo. Kuoga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio. Bahari hakuna.

Matundu madogo ya namna hii mengi hufunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa. La S lilichelewa kwa sababu ya usaha. Lilipofunga, akapimwa usikivu, ukawa sawa pande zote mbili, akaruhusiwa kujaribu tena baada ya kusubiri zaidi ili ngozi mpya ikomae. Jumla alikaa nje karibu miezi minne, msimu wote ukampita.

Uchambuzi: nini hasa kilitokea ndani

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo cha hewa, na njia pekee ya kukipa hewa ni mrija unaotoka nyuma ya pua. Mrija huo muda mwingi umefungwa, unafunguka ukimeza au ukipiga miayo. Juu ya maji presha ni moja, mita 10 inakuwa mara mbili, kwa hiyo hewa ya chumba kile inataka kubaki nusu. Kutoka mita 10 kwenda 20 presha inaongezeka kwa nusu tu ya ilivyokuwa, na 20 kwenda 30 kwa theluthi. Maana yake kazi kubwa ya masikio iko juu kabisa, kwenye mita zile ambazo watu wanazipita haraka wakiwahi chini kuona kasa.

Na mrija wenyewe una tabia mbaya. Ukichelewa, tofauti ya presha inaubana ule mdomo wake laini, na ikifika mita moja na nusu hivi ya kushuka bila kuzibua, misuli haina tena nguvu ya kuufungua. Ni kama mrija wa karatasi uliolowa kwenye juisi, ukivuta kwa nguvu unajibana wenyewe. Kwa hiyo S alipokuwa kwenye mita 4 anapuliza, mlango ulishajifunga, na kila alivyoshuka ulizidi kujifunga. Pale dawa ni moja: panda. Mita moja, mbili, mpaka maumivu yaishe kabisa, jaribu tena taratibu, isipofunguka panda tena, isipofunguka maliza daivu.

Watu wengi wanaosikia kisa hiki wanasema kiwambo kilipasuka kwa kupuliza. Sio hivyo. Alikuwa kashaachia pua. Kiwambo kilikuwa kimevutwa kwenda ndani kwa mita kadhaa za presha na kile kimita cha mwisho ndo kikakimaliza. Ile puliza ya kuona vimulimuli hatari yake ni nyingine na ni kubwa zaidi: ukijikamua hivyo, presha inapanda mpaka kwenye majimaji ya sikio la ndani, na pale kuna kidirisha chenye ngozi nyembamba kinaweza kuchanika. Kikichanika huwezi kutegemea kifunge chenyewe, unaweza kupata mlio na uziwi wa kudumu. S alipona hilo kwa bahati. Ndo maana kizunguzungu kisichoisha, usikivu kushuka ghafla au mlio mkali baada ya daivu ni safari ya hospitali siku ile ile, sio kesho.

Kizunguzungu chake yeye kilikuwa cha baridi. Bahari yetu hata ikiwa na nyuzi 27 mwili ni 37, maji yakiingia sikio moja tu, ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Maji yakishapata joto kinatulia. Hatari ya dakika ile ni kutapika ndani ya regyuleta, kukimbilia juu, au kukimbilia chini ukidhani ni juu. Shika kitu, angalia mapovu yanaenda wapi, subiri.

Uchambuzi: alama ya OK

Hapa ndo napotaka tukae. Daivimasta aliuliza mara mbili na akajibiwa mara mbili. Kwenye karatasi kafanya kazi yake. Lakini OK ya mwanafunzi anayelipwa kwa siku, anayetaka kuonekana anafaa, mbele ya wageni, haina habari yoyote ndani yake. Angesema nini?

Kilichokuwa kinasema ukweli ni mwili. Mtu anayezibua vizuri utamuona mkono unagusa pua unaachia, unagusa unaachia, kila baada ya nusu mita hivi, hata kabla hajasikia chochote. Mtu mwenye shida mkono umeganda puani hauondoki, kichwa anakipindisha pindisha, macho kayabana, yuko juu ya wenzake wote na miguu inapiga kumrudisha juu bila yeye kujua. S alikuwa na vyote hivyo, daivimasta mwenyewe alivikumbuka nilipomuuliza kimoja kimoja. Alikuwa anaangalia vidole vinavyofanya duara, hakuangalia mkono wa pili.

Mpangilio nao ulichangia. Mtu mwenye dalili yoyote ya masikio haiwezekani awe wa mwisho kwenye kushuka kwa haraka na mkondo, maana kila sekunde anayosimama inamgharimu kuachwa. Anatakiwa awe na kamba. Kwenye kamba ya nanga au ya boya unashuka miguu chini, mkono mmoja umeshika, unasimama unapotaka, hakuna anayekuacha. Kichwa juu kunasaidia na kwenyewe, damu haijai kichwani na mrija unapata nafasi. Kushuka kichwa chini kama wa kwenye pweza ndo namna ngumu kuliko zote.

Uchambuzi: spray

Sitaki kusema spray ni haramu, wako wazamiaji wakubwa wanatumia na madaktari wanaowaruhusu. Tatizo ni kwamba inakupa ruhusa ya uongo. Ukiitumia siku kadhaa mfululizo pua inazoea, ikiacha kufanya kazi inaziba kuliko mwanzo. Na ikikuishia nguvu ukiwa chini, hewa iliyoingia sikioni inaweza kukosa njia ya kutoka wakati wa kupanda, na hapo huna hiari ya kusema leo sipandi. Mafua yanayohitaji spray ili uzame, kwangu hayo ni mafua ya kuosha vifaa.

Kurudi majini

Alipoletwa kwangu nilianza nchi kavu, kwenye kiti, na kioo. Nilitaka aache ile puliza ya kifua, inayoitwa Valsalva kwa jina la Muitaliano aliyeiandika mwaka 1704, na yeye aliielezea kama njia ya kutoa usaha sikioni, hakuwa na habari na wazamiaji. Nikamfundisha Frenzel, ya Mjerumani aliyewafundishia marubani wa kivita. Unabana pua, unafunga koo kama unayebeba ndoo nzito, halafu nyuma ya ulimi unaisukuma juu kama unayetaka kutamka "ka". Hewa ya mdomoni tu ndo inaenda, kifua hakihusiki. Kwenye kioo unaona koromeo linapanda na matundu ya pua yanavimba kidogo chini ya vidole. Kipimo changu: toa pumzi yote kifuani halafu zibua. Ukiweza, hiyo ni Frenzel. Ukishindwa, bado unatumia kifua.

S alipata shida kuliko wanafunzi wasiojua bahari kabisa. Miaka ya pweza ilikuwa imekaa kwenye misuli. Kila akisikia ugumu kidogo kifua kinakaza. Tukaenda kwenye maji ya kifua, halafu kamba ya mita 5, sheria ikiwa moja: kuzibua juu kabisa kabla ya kuzama, halafu kila mshiko mmoja wa kamba zibua, na ukisikia chochote, sio maumivu, chochote, panda mshiko mmoja. Kushoto kukiwa kuzito anainamisha kichwa upande wa kulia ili sikio la kushoto liangalie juu na taya alisogeze mbele. Siku ya kwanza kwenye kamba alichukua dakika karibu nane kufika mita 5, akapanda kakunja uso, "Mie hivi sitafanya kazi kaka." Nikamwambia wageni hawaoni dakika, wanaona kasa.

Bibi yake nilienda kumsalimia. Sikumwambia mafuta ni mabaya, angenifukuza. Nilimwambia mjukuu akisema kasikia kitu kinafika kooni, hapo mafuta yasimame mpaka daktari aangalie. Akasema hilo analijua, hata zamani mtu akisikia kooni walikuwa wanaacha. Inawezekana kweli, S hakumwambia tu.

Kilichobadilika na kisichobadilika

S alimaliza udaivimasta msimu uliofuata. Sikio la kushoto limebaki zito kuliko la kulia, ndivyo lilivyo, watu wengi tuna upande mmoja mzito. Mara kadhaa kageuza mwenyewe kwenye mita 3 akampa mwenzake kundi, akarudi botini. Mfungaji sasa hashuki wa mwisho bila kamba. Swali la pamoja la "freshi?" kituo kimeliacha, kila mfanyakazi anaulizwa peke yake wakati wa kupakia mitungi, na haulizwi yuko vipi, anaambiwa abane pua azibue pale pale mbele ya anayeuliza, kulia na kushoto, kwa ulaini. Ikilia kwii, haingii.

Ila anayeambiwa haingii siku hiyo analipwa nini, hilo bado. Kituo kinasema nusu, vijana wanasema nusu haifiki nauli na chakula, na mwezi uliopita kijana mwingine kakamatwa na spray mfukoni. Kapteni anataka kuwe na mfuko, kila safari mgeni akatwe kidogo uende kwa aliyebaki nchi kavu. Mwenye kituo kasema atafikiria baada ya msimu.